Miaka Saba ya "Anaendelea Vizuri"

Mgongo wa Asteria Elibariki ulianza kuuma mwaka ule aliomzika mumewe, na hadi leo, miaka saba baadaye, wako watu Kirondeni wanaoapa kwamba hauumi. Watu hao hawana aibu. Wanamjua Asteria wa kusimama tu: anayepika makande ya msiba, anayeimba sauti ya pili kanisani, anayepanda kilima na kikapu kichwani. Asteria wa kesho yake, yule anayelala kifudifudi sakafuni kwa sababu godoro limekuwa adui, hawajawahi kumwona. Hakuna aliyebisha hodi kumtafuta.

Kirondeni iko juu, Upareni kusini, mahali ambapo shamba limeegeshwa mlimani kiasi kwamba ukidondosha kiazi unakwenda kukiokota kwa jirani. Huko kila kitu hubebwa: kuni, samadi, tangawizi, mgonjwa, maiti. Siku yenyewe Asteria alikuwa anatua mzigo wa majani ya ng'ombe mlangoni pa zizi, akasikia kitu kimenyofoka kiunoni upande wa kushoto, na moto ukashuka mguuni hadi kwenye kidole kidogo. Alikaa chini akasubiri. Kisha akainuka akamalizia kulisha, kwa sababu ng'ombe hajui pole.

Alidhani moto ule ungezimika baada ya wiki mbili. Haukuzimika. Alishuka mjini akapigwa picha ya eksirei, mtu wa koti jeupe akaiinua kwenye mwanga, akasema mifupa iko sawa. Hapo ndipo kesi yake ilipoharibika. Kidonda huonekana, homa hupimwa, mguu uliovunjika hufungwa plasta na watu wakaleta mayai na maziwa. Mgongo wa Asteria haukuwa na cha kuonyesha, na watu wakishakosa cha kuona hujaza wenyewe. Wengine walisema ni ujane. Wengine walisema ni uvivu wa uzeeni, na mwanamke mwenyewe alikuwa ana miaka hamsini na moja.

Akajikaza kisabuni. Alichomwa sindano zahanati, akameza vidonge vya duka la dawa hadi tumbo likaanza kuwaka, akachanjwa chale na mzee mmoja wa bondeni ambaye alimwambia tatizo ni shangazi yake. Shangazi mwenyewe alikuwa amekufa kabla Asteria hajaolewa.

Yote hayo angeyabeba kimya kama si habari ya maji. Kirondeni wana ndiva, bwawa la kijiji lililochimbwa na mababu. Maji ya kijito hukusanyika humo usiku kucha, asubuhi mlango wake hufunguliwa, nayo huteremka kwenye mifereji shamba hadi shamba, kila mtu na siku yake. Sheria ya ndiva ni ya kale kuliko serikali: anayekunywa kwenye ndiva huzoa tope la ndiva. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli watu hutoka kwa msaragambo, kazi ya wote, wakaingia kwenye tope na majembe na makarai. Kila shamba na mtu wake, na mtu mmoja hasimami kwa mashamba mawili. Asteria alikuwa amekosa msaragambo miaka miwili mfululizo. Mkwewe Doris, mke wa mwanawe Rodgers, alikwenda, lakini jembe la Doris lilihesabiwa kwa shamba la Doris.

Ndipo siku moja ya Septemba mwenyekiti wa kamati ya ndiva akaja nyumbani. Ni Mzee Loth, binamu mkubwa wa marehemu mume wa Asteria, mtu wa suti ya kijivu Jumapili na fimbo siku zote.

"Hodi hapa."

"Karibu, shemeji. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za hapa?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

"Na mgongo?"

"Unaendelea vizuri tu."

Mzee Loth akakaa, akapewa uji, akaunywa wote. Halafu akasema lililomleta.

"Kamati imekaa. Jumamosi ya wiki ijayo tunazoa tope. Ukija, Alhamisi yako ya maji ni yako. Usipokuja, lete karatasi ya daktari inayosema huwezi kazi. Usipoleta, Alhamisi inakwenda kwa mwingine."

"Shemeji, mimi naumwa. Unajua naumwa."

"Zahanati nimeuliza. Wameniambia kila ulipokwenda imeandikwa unaendelea vizuri. Na msibani kwa Aminieli tulikuona sote, umesimama jikoni toka asubuhi hadi jioni. Mgonjwa gani huyo?"

Baada ya msiba ule alitambaa kwenda chooni siku mbili, Doris akimshika kanga nyuma. Lakini hilo utamwambia vipi shemeji yako mkubwa aliyekaa kwenye kiti cha marehemu mumeo anakunywa uji wako? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Mzee Loth alikuwa ameupima wa Asteria kwa macho akauona mwepesi.

Doris alikuwa jikoni anasikia kila neno. Mgeni alipoondoka alitoka na mwiko mkononi.

"Zahanati wanatoa siri za wagonjwa kama umbea wa kisimani? Na wewe mama unamkaribisha uji!"

"Ni mkubwa wangu."

"Ni mwizi wa maji!"

Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Waache waseme. Hapa haikuwa kuku. Bila maji ya Alhamisi, tangawizi ya Asteria ingekauka kabla ya mvua, na tangawizi ndiyo mwaka wake mzima. Tena hata maji tukiyaweka kando, kulikuwa na jina lake. Mwanamke aliyezoa tope la ndiva miaka ishirini na minane, wakati mwingine na mtoto mgongoni, alikuwa anaitwa mvivu na mwongo kwa mpigo mmoja.

Doris ndiye aliyeleta habari za kliniki. Mwenzake wa kwaya alikuwa amempeleka mama yake huko Same mjini, kwenye hospitali ambayo kila Jumatano inapokea watu wenye maumivu yasiyoisha. Ilibaki Jumatano moja tu kabla ya msaragambo. Walipanda gari la alfajiri, Asteria ameegemea upande wa kulia ili ule wa kushoto upumue, kapakata mfuko wenye madaftari matatu ya matibabu, yale ya shule, yenye kurasa zilizojaa Kiingereza cha zahanati kilichoandikwa kwa haraka.

Njiani alikuwa ameshapanga mambo. Atapigwa picha mpya, mashine za mjini zitakiona kilichojificha, atachomwa sindano kali kuliko za zahanati, ataandikiwa karatasi, watawahi gari la saa nane. Hivyo ndivyo hospitali inavyofanya kazi kwa mtu anayeshuka toka mlimani. Hana muda wa mchezo.

Chumba kilikuwa cha mwisho baada ya maabara. Hakikuwa na mashine hata moja. Kulikuwa na kitanda chembamba, mkeka, viti vinne, na binti wa sare ya bluu aliyejitambulisha kwa jina la Careen, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Badala ya sindano alikuwa na fomu ya kurasa nne.

"Mama, kwa siku unalala masaa mangapi? Unaamka umechoka? Chakula unakipenda? Siku zingine unalia bila sababu? Nani anaishi nawe? Ukiumwa, watu wa nyumbani wanafanyaje?"

Asteria alivumilia hadi ukurasa wa pili.

"Binti yangu, mimi nimeleta mgongo. Hayo mengine ni mambo ya nyumbani kwangu."

"Mgongo haukuja peke yake, mama. Umekuja na wewe mzima."

"Masaa manne garini nije kuulizwa kama nalia!"

"Unalia?"

Asteria akatazama ukutani. "Weka kwamba nalia," akasema, kwa hasira kama mtu anayelipishwa faini.

Kisha akapewa picha ya mtu, mbele na nyuma, hana nguo wala uso, na kalamu nyekundu. Apake rangi panapouma. Mwanzoni aliona ni mambo ya chekechea, tena yasiyo na heshima, mtu mzima kupewa picha ya uchi achore. Akaanza kiunoni. Kalamu ikashuka kwenye tako, nyuma ya paja, ikazunguka nje ya goti, ikafika kwenye kidole kidogo. Alipoinua mkono, upande wote wa kushoto ulikuwa mwekundu. Kwa miaka saba hakuwahi kuyaona maumivu yake yakiwa nje ya mwili wake, yamekaa juu ya karatasi ambapo mtu mwingine anaweza kuyaangalia. Ghafla alitaka kulia mbele za watu, na hilo likamkasirisha kuliko fomu.

"La mwisho," akasema Careen. "Sifuri ni hakuna maumivu. Kumi ni makubwa kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Ya kwako ni ngapi?"

"Andika mbili."

"Mbili!" Doris aliruka kitini. "Mama, jana ulivaa viatu umelala!"

"Kumi ni kuzaa mtoto aliyetanguliza miguu. Kumi ni kumzika mume. Mimi nani niende kusema kumi kwa ajili ya mgongo?"

Careen hakubishana. Aliandika mbili, akaweka alama ya kuuliza pembeni, akawapeleka kwa daktari.

Dk. Lugano alikuwa mrefu, Mnyakyusa wa Tukuyu, umri wa mwanawe Rodgers, na alimwamkia kabla hajakaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Habari za huko milimani?"

"Nzuri."

"Na mgongo, unaendeleaje?"

"Vizuri tu, baba. Namshukuru Mungu."

Daktari akaweka kalamu mezani.

"Mama, umeshuka mlima tangu alfajiri kuja kuniambia mgongo unaendelea vizuri?"

Doris alicheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Daktari alivuta yale madaftari matatu, akafungua la kwanza, akaanza kutafsiri kwa sauti, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. Machi, mgonjwa anaendelea vizuri. Juni, mgonjwa anaendelea vizuri, amechomwa sindano. Septemba, anaendelea vizuri. Akafungua la pili. Akafungua la tatu. Doris alikuwa anahesabu kwa vidole, vikaisha, akaanza upya. Mara thelathini na nne.

"Ndicho alichokisema shemeji Loth," akasema Doris kwa sauti ndogo.

"Uongo!" Asteria aliinuka, kiuno kikamrudisha kitini. "Nani kasema hayo? Mimi sijawahi kumwambia mtu naendelea vizuri!"

Maneno yakiwa bado mdomoni akajisikia mwenyewe, dakika mbili zilizopita, kwenye kiti hicho hicho. Akajisikia zahanati, mwaka baada ya mwaka, amesimama mlangoni ameshika daftari. Hujambo mama, unaendeleaje? Vizuri, namshukuru Mungu. Wewe je, watoto hawajambo? Ndivyo mtu anavyoingia mahali. Mama yake alimfundisha hivyo kabla hajajua kusuka nywele: mtu akikuuliza hali, mpe njema kwanza, ukishakaa ndipo unaeleza shida. Kumbe alipokuwa anakaa, kalamu ilikuwa imeshamaliza.

Hasira iliyompanda hapo ilikuwa ya aina yake, kwa sababu nusu yake ilikuwa inamrudia mwenyewe.

"Yaani mtu anakusalimia, unamjibu salamu, naye anaandika? Hiyo ni hospitali au ni mtego? Nilipaswa kuwatukana mlangoni ndipo wajue naumwa?"

"Kosa si lako, mama," akasema daktari. "Salamu ni salamu, uchunguzi ni uchunguzi. Ukishaitikia, ilikuwa kazi yao kuuliza tena, na kutazama. Mtu anayeingia ameshika ukuta haendelei vizuri, hata aseme nini." Akafunga daftari. "Lakini na sisi wagonjwa wetu tunawajua. Mficha maradhi..."

"Kilio humfichua. Naijua. Usinifundishe methali, wewe ni mdogo."

"Basi tuanze upya. Hapo ulipokaa sasa hivi, ni ngapi?"

Ilimwia Asteria vigumu kuliko kuungama.

"Saba."

"Na kesho yake baada ya kazi?"

"Tisa. Kumi naiacha."

Daktari alimpima. Alimpitishia pamba mguuni, kisha ncha ya kijiti, akitaka aseme ni wapi anasikia na wapi hasikii. Akainua mguu wake ulionyooka, akamtazama akitembea kwa visigino, kwa vidole. Aliuliza kila dawa aliyowahi kumeza, za duka na za miti, na hakumcheka hata kwa zile chale. Kisha akamweleza, na hakuharakisha. Mshipa wa fahamu ulibanwa siku ile ya majani. Jeraha lenyewe lilishapona zamani, ndiyo maana picha haioni kitu. Lakini mshipa umezoea kupiga kelele.

"Mwizi kaondoka, mbwa bado anabweka," akasema. "Mbwa si mwongo, mama. Anabweka kweli."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Asteria alilishika neno hilo, na bado hajamaliza kulifurahia daktari akaendelea.

"Kuna kidonge cha jioni, tutaanza na kidogo, mdomo utakauka na utasinzia siku za mwanzo. Sindano tunaacha, na vile vidonge vya dukani tunaacha, vimeshaanza kukuumiza tumbo. Utafanya mazoezi na Careen. Utarudi baada ya wiki nne, na tena baada ya hapo. Na sitakudanganya: huenda maumivu yasiishe yote. Tutayapunguza. Tutakurudishia kazi zako, moja moja."

"Yasiishe?"

"Huenda."

Sasa fikiria. Miaka saba mtu anaambiwa hana kitu. Siku anayopata wa kumwamini, huyo huyo anamwambia atakaa nacho. Asteria alimtazama kijana yule na koti lake safi, akatamani kumrushia yale madaftari matatu usoni.

"Basi nyie mna kazi gani?"

"Una haki ya kukasirika," akasema daktari, akamwacha akasirike. Hakumkatiza, hakutazama saa. Alipoona amepumua, akauliza, "Kitu gani unataka kukifanya ambacho sasa huwezi?"

"Nataka maji yangu."

Akamweleza yote, ndiva, tope, Loth, uji. Akamaliza kwa kile kilichomleta. "Kwa hiyo niandikie kwamba siwezi kazi. Mstari mmoja tu na mhuri."

"Hapana, mama."

Doris alishika kichwa.

"Nikiandika huwezi kazi nitakuwa nimeandika uongo, na watu watakulaza. Ukilala, mgongo huo utakumaliza. Nitaandika ukweli."

Na akaandika. Kwamba mama huyu ana maumivu sugu ya mshipa wa fahamu, ni ya kweli na yanapimika kwa uchunguzi. Kwamba anaweza kufanya kazi na anapaswa kufanya kazi. Kwamba afanye dakika ishirini, apumzike kumi, arudie. Atumie jembe la mpini mrefu. Asibebe karai wala mzigo wowote wa tope. Akagonga mhuri. Asteria aliichukua karatasi bila kusema asante, na kwa mwanamke aliyelelewa kama yeye hilo lilikuwa tusi zito kuliko matusi yote.

Careen naye alimtesa nusu saa juu ya mkeka: namna ya kuinuka kitandani kwa ubavu, namna ya kuinama kwa magoti, namna ya kuvuta pumzi mguu unapowaka. Lililomkera Asteria zaidi ni lile la kupumzika kabla hujachoka.

"Kupumzika kabla ya kuchoka ndiko huitwa uvivu, binti."

"Kwenu huitwa hivyo. Ndiyo maana siku moja unafanya kazi kama trekta, siku mbili unalala sakafuni. Gawanya."

Garini Doris alitaka karatasi ile ichanwe. "Anaweza kufanya kazi! Mzee Loth akiisoma hiyo tumekwisha. Tutafute daktari mwingine kesho, atuandikie ya maana." Asteria aliifungua karatasi mara tatu kabla ya gari kuanza kupanda mlima. Kila alipofika kwenye maneno "ni ya kweli" alirudi kuyasoma tena.

Jumamosi asubuhi kijiji kizima kilikuwa ndivani. Maji yalikuwa yameachiwa yote, limebaki tope jeusi linalonuka majani yaliyooza, na watu walishaingia hadi magotini. Mzee Loth alikuwa ukingoni juu ya jiwe lake, fimbo mkono mmoja, daftari la zamu mkono wa pili. Asteria aliteremka kwa mwendo wake wa upande, ameshika jembe la mpini mrefu, Doris nyuma yake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Habari za asubuhi?"

"Mbaya," akasema Asteria. "Leo ni saba."

Majembe ya karibu yalisimama. Hata kama mtu ana msiba nyumbani, Kirondeni hajibu hivyo. Mzee Loth alinyoosha mkono kwa karatasi, akaweka miwani, akasoma kwa sauti ya kikao.

"...'anaweza kufanya kazi na anapaswa kufanya kazi.'" Akashusha miwani, akawageukia watu. "Si mmesikia?"

"Soma yote, shemeji."

Akasoma yote, kwa haraka, kama anayesoma matangazo ya kanisa. Alipomaliza alikunja karatasi.

"Msaragambo hauna nusu. Hakuna dakika ishirini hapa. Mtu yuko ndani ama yuko nje. Lakini kamati ina huruma. Tutakuandika kwenye orodha ya wasiojiweza, utapata maji ya mwisho, wenzako wakishamaliza."

Maji ya mwisho ni yale yanayofika jioni yakiwa upana wa kiganja. Na orodha hiyo ilikuwa na watu watatu, wawili vipofu na bibi mmoja wa miaka tisini na kitu.

"Mimi si asiyejiweza," akasema Asteria. "Na sikuja kuomba huruma. Nimekuja na jembe. Nitalima tope dakika ishirini, nitakaa, nitalima tena, hadi nyie mtakapotoka. Hawa vijana wakienda kunywa pombe ya dengelua kule kichakani mara nne mbona husemi hakuna nusu?"

Watu walicheka. Mzee Loth hakucheka.

"Utaratibu ni utaratibu, shemeji. Ndani ama nje."

"Sawa. Wewe uko wapi?"

"Mimi?"

"Mwaka wa sita huu unashika daftari juu ya jiwe. Mwenyekiti aliyekutangulia alizoa tope hadi kifuani, na alikuwa na daftari hilo hilo. Nani hapa amekuona ndani?"

Kila mtu alikuwa analitazama goti la kulia la Mzee Loth. Walilijua. Walimwona akiteremka ngazi za kanisa kinyumenyume. Lakini goti la mwenyekiti halisemwi.

"Goti lako ni ngapi kati ya kumi, shemeji?"

"Goti halina neno," akasema Mzee Loth. "Zuri tu, namshukuru Mungu."

Asteria alimnyooshea jembe. "Basi shuka."

Angeweza kukataa. Mtu mwenye akili timamu angekataa. Lakini kijiji kizima kilikuwa kinatazama, na mwanaume wa milima hii yuko tayari kuvunjika kuliko kusema anaumwa. Aliweka daftari juu ya jiwe, akachukua jembe, akateremka ukingo. Hatua ya kwanza ilikubali. Ya pili tope lilimshika mguu, goti likajipinda, na Mzee Loth akabaki pale, ameegemea mpini kwa mikono miwili, mdomo wazi, jasho linamtoka kwenye baridi ya asubuhi. Asteria aliujua uso ule. Alikuwa ameuona miaka saba kwenye kioo chake, na hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alichokisikia ni hasira tu, kubwa kuliko ile aliyokuja nayo, maana mtu huyu alijua. Siku zote alijua maumivu yasiyoonekana ni kitu gani, na bado alikunywa uji wake akamwita mwongo.

Vijana wawili, Elirehema na Yona, walimshika makwapa wakampandisha, wakamketisha juu ya jiwe. Watu wakarudi taratibu kwenye majembe yao, kwa heshima, wakijifanya hawakuona. Asteria aliokota jembe lake, akaingia kwenye tope. Alilima kama alivyofundishwa, magoti yamelegea, pumzi inatoka kwa hesabu, Doris akizoa pembeni. Dakika ishirini zilipotimia alisimamisha jembe, na ilimuuma kulisimamisha kabla hajachoka, akaenda kukaa ukingoni mbele ya macho ya watu wote, karibu na shemeji yake.

Mzee Loth alikuwa anasugua goti. Hakumtazama.

"Nane," akasema kwa sauti ya chini. "Ukitaka kujua." Kisha akauliza, "Hiyo kliniki yenu. Ni siku gani?"

"Jumatano," akasema Asteria. "Nitakueleza njia, na nitakueleza watakayokuuliza." Akainua lile daftari la zamu kutoka kwenye jiwe, akamwekea mapajani, akalifungua kwenye Alhamisi. "Andika jina langu kwanza."